Sebuleni au Uani: Vitu Vipya Ndani ya Nyumba za Kale

Mhadhara wa wazi, Ikinga, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe



Nimeombwa nizungumzie makumbusho. Somo hilo ni pana, kwa hiyo nimechukua kona yake moja tu: kinachotokea pale kitu kilichotengenezwa juzi kinapoingizwa ndani ya nyumba ya kale iliyohifadhiwa. Najua mtu atauliza, Ileje kuna nyumba gani ya makumbusho hata tukae kujadili cha kuweka ndani yake? Swali ni halali. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 tu, ulipomegwa kutoka Mbeya, na kitu chake mashuhuri kuliko vyote ni kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi: pande lenye urefu wa mita tatu hivi, chuma asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, ambalo ulimwengu wa nje ulianza kuliandika mwaka 1930. Kitu hicho hakina fundi. Kilianguka. Nahisi ndiyo maana tumejizoesha kuamini kwamba vitu vya makumbusho hushuka kutoka juu au hutoka kwa mababu, na kwamba kijana anayechomelea geti pale Tunduma wakati huu tunapozungumza hahusiki kabisa. Nimekuja kubishana na mazoea hayo, na nitaanzia mbali kidogo ili turudi nyumbani tukiwa na hoja.

Mtaa wa 91 jijini New York kuna jumba la vyumba 64. Alilijenga Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, likakamilika mwaka 1902. Chini ya jumba palikuwa na matanuri ya kupasha maji ya kuleta joto vyumbani, na siku ya baridi kali matanuri hayo yaliweza kula hadi tani mbili za makaa ya mawe. Makaa yalisogezwa kutoka stoo hadi kwenye moto kwa kigari kidogo kilichopita juu ya reli yake, humo humo chini ya nyumba. Sisi tunaoishi na migodi ya makaa ya Kiwira na Kabulo hatuhitaji kuelezwa tani mbili za makaa ni kiasi gani. Zote hizo kwa familia moja, kwa siku moja.

Tangu mwaka 1976 jumba hilo ni makumbusho ya ubunifu yaitwayo Cooper Hewitt, chini ya taasisi ya Smithsonian. Mwaka 2007 waliandaa maonyesho ya vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya watu ambao wabunifu wa dunia huwasahau, yaani karibu sisi sote tuliomo humu. Kulikuwa na chombo cha kuchujia maji ya kunywa, pampu ya kumwagilia inayokanyagwa kwa miguu kutoka Kenya, na pamoja na hivyo lilikuwepo jiko la mkaa la Kenya, lile lenye udongo ndani.

Jiko hilo mnalo nyumbani, au mnalo ndugu yake, na kwa kuwa tunalitazama kila siku hatulioni tena. Basi tulitazame. Juu ni pana, katikati limebana kama kiuno, chini limetanuka tena ili lisipinduke mtu anaposonga ugali. Ganda lake ni bati lililokunjwa kwa nyundo. Nusu ya juu imevishwa bakuli la udongo wa kuchoma lenye matundu kwenye kitako, nalo limeshikizwa kwa saruji. Majivu yanadondoka kupitia matundu; chini kuna kimlango kinachoingiza hewa, ukikifungua moto unachangamka, ukikifunga unalala. Udongo ule unazuia joto lisipotelee kwenye bati, na kwa sababu hiyo mkaa unaookolewa, ukilinganisha na jiko la bati tupu, unaweza kufika theluthi moja hadi nusu. Wazo la kuvisha jiko udongo lilitoka Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi na mafundi wa Kenya walilichukua, wakalibadilisha umbo, wafinyanzi wakafundishwa kufanya bakuli za kipimo kimoja, wapiga bati wa jua kali wakafanya maganda, na miaka michache baadaye lilikuwa linauzwa kando ya barabara kana kwamba lilikuwepo siku zote.

Jiko hili, basi, likafika nyumbani kwa mtu aliyechoma tani mbili kwa siku. Lingewekwa sebuleni kwa Carnegie, chini ya dari la mbao zilizochongwa, mgeni asingehitaji maelezo marefu ukutani. Angesimama, angelitazama jiko, angelitazama jumba, na hesabu ingejifanya yenyewe kichwani. Lakini maonyesho yale yalipangwa bustanini. Naelewa sababu za kawaida: vitu vingine vilikuwa vikubwa, vingine vilikuwa vibanda vya kulala watu, na bustani ina nafasi. Sina haja ya kumlaumu mtu. Hata hivyo kila mmoja hapa amelelewa katika nyumba yenye sebule na ua, na anajua mgeni gani huandaliwa kiti ndani na mgeni gani huelekezwa uani akasubiri huko. Vitu navyo hupokewa hivyo hivyo. Ukitaka kujua mwenye nyumba anamwonaje fundi, usisome hotuba ya ufunguzi. Tazama kitu cha fundi kimewekwa wapi.

Sasa tuvuke bahari, twende Norfolk, mashariki ya Uingereza. Kuna jumba linaitwa Houghton Hall, lililojengwa miaka ya 1720 na Sir Robert Walpole, yule anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza. Walpole alikuwa na mkusanyiko wa picha uliosifika Ulaya nzima. Wajukuu wakaishiwa, na mwaka 1779 picha zaidi ya 200 zikauzwa kwa Malkia Catherine wa Urusi. Kilichobaki kuwatambia wageni ni vyumba vyenyewe na mbao zake. Milango na ngazi ni za mahogani, mbao ambayo katika siku hizo ilitoka Jamaika na visiwa jirani na kuangushwa na watumwa. Mwaka 1721 serikali ya Walpole iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka makoloni. Miaka michache baadaye nyumba yake ikajaa mahogani. Mtu akitaka kuona sera ya forodha imegeuka ngazi ya nyumba, aende akapande pale. Sisi wa mpakani, tunaoishi na foleni za malori ya Tunduma na Nakonde, mambo ya forodha tunayaelewa haraka.

Mwaka 2024, kuanzia Mei hadi Septemba, ndani ya vyumba hivyo viliwekwa vyungu vya Magdalene Odundo. Huyu mama alizaliwa Kenya mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, na kilichombadilisha kilikuwa safari ya kurudi Afrika: katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akakaa na wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, fundi ambaye baadaye picha yake iliwekwa kwenye noti ya naira ishirini. Odundo hatumii gurudumu. Anajenga kwa mkono, akipandisha udongo kidogo kidogo, anakwangua, anapaka tope laini sana, kisha anasugua na kusugua mpaka uso unang'aa bila kupakwa rangi yoyote ya kung'arisha. Akichoma mara ya kwanza kwenye moto wenye hewa ya kutosha, chungu kinatoka chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Akitaka cheusi anakichoma tena, amekifungia pamoja na vipande vya kuni mahali ambapo hewa haifiki, moshi ukajipenyeza ndani ya udongo. Udongo ni ule ule. Hewa ndiyo inayoamua.

Wapo kina mama hapa wanaotabasamu, na najua kwa nini. Ninachokisimulia kama habari ya Norfolk kinafanyika siku moja ya safari kutoka hapa. Wanawake wa Kikisi pale Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga bila gurudumu, wanasugua kwa kokoto, wanachoma kwa moto wa wazi, vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo karibu na Matema, na kutoka huko vinasambaa Kyela, Tukuyu, Mbeya, hadi kwenye baadhi ya majiko yenu. Sisemi kwamba kazi ya mfinyanzi wa Ikombe na kazi ya Odundo ni moja. Odundo amekaa na swali moja la umbo kwa miaka hamsini, ana uhuru wa kutumia miezi kwa chungu kimoja, na hahitaji chungu hicho kichemshe maharage. Mfinyanzi wa Ikombe lazima auze Jumamosi. Lakini mkono una asili moja, na hapo ndipo panaponiuma: chungu cha Houghton kina jina la aliyekifanya na mwaka kilipofanywa, chungu cha Ikombe, kikiingia katika makumbusho yoyote, iwe ya Ulaya au ya hapa kwetu, kwa kawaida huandikwa jina la chombo na jina la kabila, basi. Kana kwamba kabila zima lilikaa kitako likafinyanga.

Turudi Houghton, maana sijamaliza. Kati ya vitu alivyoonyesha Odundo kilikuwepo kipande kikubwa alichokifanya pamoja na kiwanda cha Wedgwood, chenye picha zinazokumbusha biashara ya watumwa. Kiwekwe kipande hicho katika ukumbi mweupe wa makumbusho ya kisasa, mtu atakisifia ustadi, atapita. Kiwekwe katika nyumba ya mahogani, mlango wenyewe unaanza kutoa ushahidi. Hii ndiyo kazi ambayo kitu kipya pekee kinaweza kuifanya ndani ya nyumba ya kale, na ni kazi ambayo kiti cha zamani cha Walpole hakiwezi, kwa sababu kiti hicho ni cha upande wa mwenye nyumba.

Sasa nasikia mzee mmoja akisema moyoni: mwanangu, nyumba ya kale iachwe kama ilivyokuwa. Mzee wangu, ilivyokuwa lini?

Hilo ndilo swali la katikati ya mhadhara huu, na pwani yetu inalijibu vizuri kuliko Ulaya. Pale Lamu kuna nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho. Chumba cha ndani kina zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta ya ukutani, na katika nyumba za matajiri vishubaka hivyo vilipangwa sahani na bakuli za kaure. Mgeni wa leo anaziona ni vitu vya kale. Lakini mwenye nyumba alizinunua mpya! Zilishuka na jahazi, zimetoka China, ni toleo la wakati huo, na alizipanga ukutani ili kila anayeingia ajue kwamba nyumba hii inapokea vitu vya dunia. Karne ya 19 viwanda vya Maastricht, Uholanzi, vilipoanza kuleta bakuli zao pwani, nazo zikapata nafasi. Zidaka zilikuwa maonyesho ya vitu vya kisasa ndani ya nyumba, karne mbili kabla ya Wazungu kuanza kuandikia maonyesho kama hayo vitabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Zanzibar. Beit el-Sahel, jumba la masultani pale Forodhani, lilibomolewa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, likajengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likawa makumbusho. Panda hadi vyumba alivyotumia Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi alipofariki 1960. Mtalii aliyekuja kutafuta Alfu Lela Ulela hukunja uso hapo, kwa sababu anakuta samani za fomaika. Ndiyo, fomaika, lile karatasi gumu linalong'aa ambalo mafundi seremala hulibandika juu ya mbao za kawaida na kwenye meza za migahawa. Ilibuniwa Marekani mwaka 1912 kuwa kihami cha umeme, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa ndiyo alama ya usasa: haishiki doa, haihitaji vanishi, ina rangi unayotaka. Sultani mwenye mpingo na pembe za ndovu na viti vya nakshi kutoka Bara Hindi aliitaka na hiyo pia. Ametawala karibu miaka hamsini, alitazama dunia inakwenda wapi, akaagiza kabati.

Watunzaji wangeweza kuliondoa kabati hilo, wakaacha viti vya nakshi peke yake, na picha za kalenda zingetoka nzuri zaidi. Hawakuliondoa, na kwa kutokuliondoa wametuachia ukweli ambao nakshi zote hazisemi: kwamba mwenye jumba alikuwa mtu wa wakati wake. Nyumba inayokaliwa haina tarehe moja. Ina tarehe nyingi zilizorundikana, na ya mwisho kuingia mara zote huonekana ni ya kishamba mpaka ipite miaka arobaini.

Kuna mfano wa kinyume, Nairobi. Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912, akaingia yeye mwaka 1917, akaondoka 1931 shamba lilipofilisika, na vitu vyake vingi vikauzwa. Denmark ilikabidhi nyumba hiyo kwa Kenya kama zawadi ya uhuru mwaka 1964. Ikakaa inatumika kwa mambo mengine mpaka filamu ya kisa chake ilipotoka mwaka 1985. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kuwa makumbusho, na pengo la samani likazibwa kwa sehemu na vifaa vilivyotumika katika filamu yenyewe, vilivyotolewa na kampuni iliyoitengeneza. Kwa hiyo mgeni anayesimama mle leo anatazama vitu vya kweli vya miaka ya 1920 vilivyochanganyika na vitu vya miaka ya 1980 vilivyofanywa vionekane vya miaka ya 1920. Kitu kipya kimeingia nyumba ya kale, tena kimeingia sebuleni kabisa, lakini kimevalishwa sura ya uzee. Mimi naona chungu cha Odundo kule Houghton kina heshima zaidi kwa historia kuliko kiti cha filamu kule Nairobi, kwa sababu chungu hakimdanganyi mtu kuhusu umri wake.

Nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, Mtaa wa Ifunda, namba 62, nitaigusa tu, maana wengi mmeisoma. Inatusaidia kwa jambo moja: nyumba ikiwa ya kawaida na vitu vyake vya kawaida, kitu kipya cha kawaida kikiingizwa ndani yake kinahitaji ujasiri zaidi kuliko ndani ya jumba la mfalme. Kwenye jumba la mfalme kila kitu kimekusudiwa kutazamwa. Magomeni kiti kilikusudiwa kukaliwa.

Nisiwadanganye kwamba mambo haya huenda vizuri siku zote. Mwaka 2008 jumba la Versailles, Ufaransa, lilimkaribisha msanii wa Marekani, Jeff Koons, akaweka sanamu zake za kung'aa ndani ya vyumba vya wafalme. Mzao mmoja wa Louis XIV alikwenda mahakamani kupinga, akashindwa. Malalamiko yake ya heshima ya ukoo hayanigusi sana. Yaliyonigusa ni malalamiko mengine: kwamba baadhi ya kazi zile zilikuwa mali ya tajiri ambaye mkuu wa Versailles wa wakati huo aliwahi kuwa mtumishi wake. Kitu kikishaonyeshwa katika nyumba ya mfalme, bei yake hupanda. Hapo nyumba ya kale inageuzwa duka lenye ukuta mzuri, na hatari hiyo haina haja ya Versailles. Inaweza kutokea Vwawa kwa urahisi, diwani akileta vikapu vya shemeji yake. Mheshimiwa, natania.

Na kuna hatari ya chini kabisa, ya mdudu. Wakulima wa hapa wanamjua dumuzi, yule aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Tabora na kupachikwa jina la Scania kwa jinsi alivyoyafagia mahindi ghalani. Dumuzi hatoboi mahindi tu, hutoboa na mbao kavu na mianzi. Kapu jipya la mianzi likiingizwa leo kwenye nyumba yenye milango ya miaka mia, linaweza kuingia na wageni wake. Makumbusho yenye uwezo hukigandisha kitu kipya kwenye friji kwa siku kadhaa kabla ya kukiruhusu ndani. Asiye na friji ya namna hiyo anakitenga chumba cha peke yake kwa wiki nyingi, anakiweka juu ya karatasi nyeupe, anachungulia kila asubuhi kama kuna unga umedondoka. Kazi hiyo haihitaji digrii. Inahitaji mtu anayekumbuka kuchungulia.

Sasa nyumbani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inachora mistari ya tarehe. Kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kinalindwa. Vitu vya utamaduni wa makabila, na milango ya mbao ya nakshi, vinalindwa kama vilitengenezwa kabla ya 1940. Sheria inahitaji mstari, sina ugomvi nayo. Lakini maana yake ni kwamba kigoda kilichochongwa mwaka 1941 hakina mlinzi, na kila kitu alichotumia bibi yangu na bibi yako, karibu chote, kiko upande usio na ulinzi.

Chukueni koroboi. Nani kati yenu bado anayo? Naona mikono mitatu. Miaka ishirini iliyopita ingekuwa kila nyumba. Kopo la maziwa au la dawa, kifuniko kimetobolewa, kijibomba cha bati kimesimamishwa katikati kwa risasi, utambi wa kitambaa cha pamba umepita ndani, na pembeni mkono mdogo wa bati uliokunjwa mara mbili ukingoni ili usikukate. Ule mkunjo wa pili ni ubunifu. Kuna fundi aliyekatwa, au aliyeona mtoto amekatwa, akaamua kukunja tena, na mafundi wote wakamfuata. Jina lake limepotea. Umeme wa REA umefika, taa za sola zimefika, hakuna anayeililia koroboi na moshi wake, mimi pia siililii. Lakini kitu kilichowaangazia wengi wenu mkasoma mpaka mkafika mlipofika kinatoweka kikiwa bado kipya mno kwa sheria na kikiwa duni mno kwa makumbusho.

Ikitokea mkoa, au kanisa, au ukoo wenye nyumba ya zamani, ukaamua kuifungua kwa wageni, na majengo ya umri huo yapo, ya misheni na ya serikali, kuanzia Isoko hadi Mbozi, nitakachoomba ni kwamba sebule isiachiwe meza ya mmisionari na picha zake peke yake. Wekeni pale pale juu ya meza hiyo tenga la mianzi la kubebea nyanya, lililosukwa mwaka huu. Mtaona jambo: meza iliyoletwa ili ifundishe watu ustaarabu imekaa na tenga lililobeba uchumi wa wilaya. Wekeni katambuga za tairi la lori chini ya kitanda cha chuma. Wekeni kipande cha geti la Tunduma, lenye yale maua ya chuma ambayo kila mchomeleaji ana namna yake ya kuyapinda, kwenye dirisha ambalo Mjerumani aliweka nondo zilizonyooka. Visiwe vingi. Chumba kimoja, kitu kimoja kipya, kisishindiliwe msumari ukutani, na mtu aweze kukizunguka. Na wageni wa kwanza kualikwa wawe mafundi wenyewe, waje na watoto wao, wapigwe picha mbele ya kazi zao kabla ya mgeni rasmi.

Wenzetu Iringa walilifungua Boma lao la Mjerumani kuwa makumbusho mwaka 2016, na kazi za mikono za leo zina nafasi katika jengo hilo hilo. Ni safari ya siku moja kwa basi. Halmashauri inaweza kutuma walimu wawili na fundi mmoja wakaangalie, na narudia, fundi mmoja.

Lakini jengo lisiwe kisingizio cha kusubiri. Kilichomtofautisha Odundo na mfinyanzi wa Ikombe mbele ya mgeni wa makumbusho ni karatasi ndogo yenye jina na mwaka, na karatasi hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Walimu wa darasa la sita na la saba, nawaomba muwape wanafunzi kazi moja muhula huu: kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kilichotengenezwa na mtu wa wilaya hii aliye hai, aandike jina lake kamili, kijiji chake, alijifunza kwa nani, na mwaka kitu kilipotengenezwa. Na ninyi mafundi mliokaa nyuma huko, kuanzia kesho andikeni majina yenu chini ya viti, ndani ya matenga, nyuma ya mageti, kwa msumari au kwa rangi, mwandike na mwaka. Niko tayari kwa maswali, na nitaanza na akina mama.